Umwagiliaji Mdogo

Kallukere
3 Juni 1981

Mdogo wangu Sannayya,

Naandika "mdogo wangu" kwa sababu hilo neno "mheshimiwa" bado linanikwama kooni. Jana tumekusikia redioni. Redio ni ileile ya duka la chai la Rudregowda, na unajua sisi wa mtaa wa chini, watu tusioguswa, hatuingii mle ndani, basi tulikaa nje vumbini, watu kama sitini, watoto juu ya ukuta. Msomaji alilitamka jina lako vibaya lakini tulilijua. Nililia mpaka shangazi Hombamma akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, shangazi, kazaliwa waziri.

Nilikumbuka ile baraza ya shule. Nilikubeba mgongoni nikakukalisha pale nje, palepale nilipokaa mimi miaka minne nikisoma ubao kupitia dirishani. Mimi niliishia hapo, wewe ukaendelea. Mama angekuwa hai angekupaka wanja machoni watu wasikuonee kijicho, waziri au si waziri.

Sasa hebu niambie. Umeapishwa, ila redio haikusema waziri wa nini. Rudregowda anasema mkishakula kiapo mnakaa kwanza kama wageni wa harusi wanaosubiri chakula, halafu Waziri Kiongozi ndiye anapakua. Huyo mzee huwa anajifanya anajua kila kitu. Ni kweli?

Nina ombi moja. Sitaki sari, sitaki saa ya mkononi. Shemeji yako Bairayya anasema tuta la bwawa lina mashimo ya panya, na upande wa mkwaju kuna ufa, mkono wake unazama mpaka kwenye kiwiko. Mvua za sasa hazina neno. Zile za Oktoba ndizo zinazojaza bwawa, na nyumba zetu zote ziko chini ya tuta, unajua. Naomba tuta lizibwe kabla ya Oktoba. Basi.

Bairayya anakusalimu. Anauliza kama huko wanakupa ugali wa ulezi au wanakujaza wali tu kama mgonjwa.

Dada yako,
Kenchamma


Bangalore
9 Juni 1981

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Rudregowda kwa mara ya kwanza maishani kasema kweli. Tuko mawaziri ishirini na wawili na hatuna wizara hata moja. Kila mmoja kapewa gari lenye bendera, na hakuna pa kwenda. Dereva wangu asubuhi ananizungusha bustanini, tunawatazama watu wanaofanya mazoezi, kisha ananirudisha.

Ungeona baraza la mawaziri linavyopikwa, ungecheka. Waziri Kiongozi ana karatasi aliyoikunja mfukoni, kila saa anaitoa, anafuta jina, anaandika jingine. Kila wilaya iwe na mtu wake. Kila tabaka liwe na mtu wake. Walionuna wakati wa uchaguzi wapozwe. Mwanamke awepo mmoja, asilalamike mtu. Mimi natoka wilaya kavu na natoka mtaa wa chini, kwa hiyo kwa jina langu moja kajaza nafasi mbili, akafurahi. Sijidanganyi, dada. Sikuingia kwa sababu ya ufasaha wangu.

Watu wetu hupewa Ustawi wa Jamii, ndiyo desturi. Hapa wameshaanza kunipongeza kwa Ustawi wa Jamii hata kabla sijapewa. Ninajibu asante, nitafanya nini?

Tuta nimeliandika kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Mwambie shemeji kwamba mimi pia ni mtoto wa mgawa maji. Nimelala juu ya lile tuta na baba nikiwa na miaka sita, nikisikiliza mlango wa maji ukikoroma. Nikipata chochote kinachohusu maji, Bairayya atakuwa mtu wa kwanza kujua.

Ugali wa ulezi hakuna. Nimeuota mara mbili.

Sannayya wako


Kallukere
16 Juni 1981

Sannayya,

Jana jioni redio imezitaja wizara. Duka lilijaa, nje tulijaa. Fedha, fulani. Elimu, fulani. Umwagiliaji, fulani wa huko Mysore. Tukangoja, yakapita majina kumi na mengine, na karibu na mwisho kabisa nikasikia: "Sannayya, Umwagiliaji Mdogo."

Rudregowda alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Jamani! Kazaliwa mdogo, kaitwa mdogo, sasa hata wizara kapewa ndogo! Mwenzake kapewa Umwagiliaji mzima, yeye katupiwa kitoto chake!" Watu wakaangua kicheko. Na wetu walicheka, Sannayya. Hombamma mwenyewe alicheka, akaficha mdomo kwa sari.

Jina hilo nilikupa mimi. Ulizaliwa kabla ya siku zako, mdogo kama embe bichi, nikasema Sannayya, kamdogo ketu, na mama akakubali. Sikujua litakuja kufanyiwa mzaha mbele ya redio.

Sikiliza. Sisi tumeishi na vidogo. Kisima chetu kidogo. Bilauri zetu pale dukani zinaning'inizwa nje kwenye msumari, zile zilizovunjika ukingo. Kila serikali ikija hutupa kidogo, na sisi tunainama na kusema asante. Leo tumetoa waziri, na yeye wamempa kidogo. Ukikipokea, watakuzoesha, na atakayekuja baada yako atapewa kidogo kuliko hicho.

Nenda kwa Waziri Kiongozi. Mwambie mimi si mtu wa makombo, nipe wizara kamili kama wenzangu. Ukirudi hapa na hiyo ndogo nitakufungia mlango, na usidhani natania. Mimi niliyekulea ndiye ninayesema.

Ukishaipata hiyo kubwa, huyo mtu wa Umwagiliaji mkubwa atakuwa mwenzako. Mwambie kuhusu tuta.

Bairayya alinishika mkono nisiitume barua hii. Anasema tuulize kwanza huo udogo ni wa nini. Nimemwambia yeye ni mtu wa kuziba na kuzibua, mambo ya serikali aniachie mimi niliyefika darasa la nne.

Kenchamma


Bangalore
25 Juni 1981

Dada mpendwa,

Nimefanya ulivyoniagiza. Barua yako niliisoma mara tatu, nikavaa shati safi, nikaenda.

Kulikuwa na mzee mmoja, Mheshimiwa Gurupadappa, aliyepewa Usafirishaji na hakuupenda, maana madereva wa mabasi hugoma kila mara na yeye ana ugonjwa wa moyo. Tulibadilishana kama watoto wanavyobadilishana gololi. Dakika kumi, kikombe kimoja cha kahawa. Kesho gazeti litaandika: Sannayya, Waziri wa Usafirishaji.

Kila basi jekundu unaloliona barabarani, dada, ni langu. Kila kondakta anayepiga filimbi. Mwambie Rudregowda akitaka kwenda mjini itabidi apande kwangu.

Na nimekuandalia jambo, utaliona mwenyewe mwezi ujao. Sisemi zaidi.

Kuhusu tuta, usihofu. Nitazungumza na wahusika.

Nina haraka, watu wamejaa barazani. Nisalimie shemeji.

Sannayya


Kallukere
14 Julai 1981

Mheshimiwa wangu,

Leo nakuita hivyo kwa moyo wote! Lilikuja Jumapili, jekundu, limevishwa makoja ya maua, na mbele ubao umeandikwa KALLUKERE. Maisha yangu yote sijaona jina la kijiji chetu limeandikwa kubwa hivyo. Dereva anasema litalala hapa kila siku na kuondoka asubuhi saa kumi na mbili. Hakuna tena kutembea maili saba hadi barabara kuu.

Tulipanda sote safari ya kwanza, bure. Nilikaa kiti cha mbele, dirishani. Na nani kaja kukaa pembeni yangu? Rudregowda! Hapakuwa na nafasi nyingine. Miaka sitini na miwili yule mzee hajawahi kukaa karibu na mtu wa mtaa wa chini, na basi lako limemkalisha. Kila kona alikuwa anaegemea upande wa pili, asiniguse, na mimi nikawa naomba Mungu kona ziwe nyingi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Bairayya hakuja. Alisema bwawa halina likizo. Jioni nilimkuta juu ya tuta anakata majani, nikamsimulia yote, akatabasamu. Kisha akaniuliza tena: "Lakini Kencha, ule Umwagiliaji Mdogo ulikuwa wa nini hasa?" Nikamwambia ulikuwa wa kudharauliwa, ndiyo kazi yake. Akasema udogo si lazima uwe aibu, kizibo cha mlango wa maji ni kidogo na bwawa zima linakitegemea. Mwanaume huyu akianza habari za vizibo hamalizi.

Wahusika wa tuta wanakuja lini?

Dada yako mwenye kiti cha mbele,
Kenchamma


Kallukere
6 Agosti 1981

Kwa shemeji Sannayya,

Mimi Bairayya. Anayeandika ni bwana posta Venkatesha, mimi nasema. Ameapa kwamba hatamwambia mtu.

Shemeji, wewe ni mtoto wa kazi hii, kwa hiyo utanielewa bila maneno mengi. Tuta likivuja maji meupe, hilo ni jasho, na jasho si ugonjwa. Likivuja maji yenye udongo, basi linaliwa kutoka ndani. Tangu juzi, upande wa mkwaju, maji yanatoka na udongo. Nimeyakinga kwenye sufuria, nimeyaacha yatulie, chini umebaki udongo wa unene wa kidole.

Ule ufito wa chuma wa mlango wa maji ulipinda mwaka juzi. Mlango unafunguka robo tu. Sasa hivi bwawa lina maji kidogo, hakuna hatari. Likijaa, sitaweza kuyapunguza.

Nilitembea hadi ofisi ya maji ya wilaya. Msimamizi pale ni kijana mstaarabu, alinikaribisha kiti. Akafungua kitabu chake, akasema mabwawa makubwa yale ya serikali, yenye umeme na mageti, ni ya Umwagiliaji. Haya yetu ya vijiji, yaliyojengwa na wazee, yote ya jimbo zima, ni ya Umwagiliaji Mdogo. Akaniuliza, "Wewe si shemeji yake Sannayya? Alikuwa na bwawa lenu mkononi siku kumi, akalirudisha." Nikainuka, nikaaga.

Kenchamma sijamwambia na sitamwambia. Wewe pia usimwambie. Ile barua ya Juni aliiandika kwa uchungu, hakujua. Akijua hatalala tena.

Wewe nenda kwa huyo bwana uliyembadilishia, umwombe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na hapa hata wa kuujenga huo ukuta huenda asibaki. Maji hayajui wizara.

Bairayya, mgawa maji
(alama ya kidole gumba)


Bangalore
17 Agosti 1981

Shemeji yangu Bairayya,

Bwana Venkatesha, msomee polepole, na ukimaliza usahau.

Shemeji, wewe hujawahi kuniongopea, na mimi nachoka kuongopa. Nilijua. Siku nilipopewa karatasi ile, Waziri Kiongozi aliniambia kwa mdomo wake: "Nimekupa hii makusudi. Baba yako alikuwa mgawa maji, utayahurumia mabwawa." Nilitoka pale nikifurahi. Halafu nikaingia kwenye chumba cha wenzangu, nao wakacheka kama Rudregowda. Wizara isiyo na ofisi ghorofa ya juu, isiyo na foleni ya watu mlangoni. Nikaanza kuiona ndogo hata mimi. Barua ya dada ilipofika, nilishukuru. Nilisema moyoni, dada kaniamuru, nitakataaje? Lakini kama angeniandikia nibaki nayo, sijui kama ningebaki nayo.

Nimekwenda kwa Gurupadappa mara mbili. Mara ya kwanza alinipa kahawa. Mara ya pili alisema, "Sannayya, ulilitupa wewe, leo unataka nianze na lako? Nina wapiga kura wangu na mabwawa yao." Kaniandikia kwamba Kallukere itaingia kwenye orodha ya mwaka ujao. Nitamfuata tena. Nitakwenda hata kwa Waziri Kiongozi mwenyewe, ila ngoja vikao vya bunge viishe, sasa hivi nikilalamika nitaonekana sijui ninachotaka.

Usilale juu ya tuta, nakuomba. Na dada asijue, kama ulivyosema. Mwache afurahie basi lake.

Sannayya


Kallukere
23 Septemba 1981

Kwa Sannayya,

Mvua imekuja mapema na ya kishindo. Bwawa linajaa, vyura wanatutia uziwi, na Rudregowda ameshaanza kuwapigia kelele watu kuhusu mbegu za mpunga wa mashamba yake. Miaka mitatu hatukuyaona maji yamefika kwenye jiwe la mungu, na juzi yamefika. Wanawake tulikwenda tukayapa maua na manjano.

Bairayya amehamia kule. Kachukua blanketi, kajenga kibanda cha makuti juu ya tuta, chakula nampelekea. Nimemwambia umeoa mke wa pili, bwawa. Akasema huyu wa pili hagombani. Lakini hali vizuri, anamega tonge moja na kuliacha. Na kamwambia Rudregowda kwamba mwaka huu bwawa lisijazwe mpaka juu, wakatukanana mbele ya watu. Tangu lini Bairayya anatukanana na mtu?

Bwana posta ulimi umemteleza, kaniambia umemwandikia Bairayya barua mwezi uliopita. Nilimuuliza Bairayya mwenyewe, akasema ni salamu. Salamu za kurasa mbili! Nyinyi wanaume mna nini cha kuandikiana?

Wahusika hawajaja. Umesema nao kweli? Oktoba ni wiki ijayo.

Kenchamma


SIMU YA MAANDISHI
11 Oktoba 1981
KWA WAZIRI SANNAYYA BANGALORE
TUTA LIMEKATIKA ALFAJIRI STOP WATU SALAMA STOP BAIRAYYA HAONEKANI STOP NJOO STOP
VENKATESHA POSTA KALLUKERE


Bangalore
2 Novemba 1981

Dada,

Nimekaa na karatasi hii siku nne.

Nilikuja, unajua. Nilisimama mlangoni kwa Hombamma, nyumba iliyosalia, mahali ulipohifadhiwa, mbele ya watu wote, na mlango haukufunguliwa. Silalamiki. Nilimbeba Bairayya begani pamoja na wengine. Mzee Rudregowda alikuja akasimama kwa mbali, mashamba yake yote mchanga mtupu, akavua kilemba. Watu walinisimulia jinsi Bairayya alivyopita nyumba kwa nyumba akipiga ngoma, akawatoa wote, mpaka mbuzi, kisha akarudi kujaribu kufungua ule mlango wa maji. Watu mia tatu, na aliyekufa ni yeye peke yake.

Nimekwenda kwa Waziri Kiongozi. Magazeti yamepiga kelele, Gurupadappa mwenyewe anaomba kupumzika kwa sababu ya moyo. Kuanzia jana, dada, nimerudishiwa Umwagiliaji Mdogo. Nimeuomba mwenyewe. Na nimeagiza Kallukere iwe ya kwanza kwenye orodha, tuta jipya, mlango mpya wa chuma, na jiwe lenye jina la Bairayya. Mafundi watakuja kabla mwezi haujaisha.

Au kama unaona sistahili kukaa kwenye kiti hiki, sema neno moja, nitajiuzulu siku hiyohiyo.

Najua unaikumbuka ile barua yako ya Juni na inakutesa. Usijitese. Sote wawili hatukujua kulikuwa na nini ndani ya udogo ule. Ungejua wewe au ningejua mimi, mambo yangekuwa mengine. Ni kudra.

Nifungulie mlango, dada.

Sannayya


Kallukere
20 Novemba 1981

Sannayya,

Nimeipata barua yako. Nimechelewa kuijibu kwa sababu nilikuwa najifunza kusema bila kulia, na bado sijajua.

Nyumba yetu imekwenda. Baada ya siku tatu, maji yalipopungua, walimkuta Bairayya shambani kwa Rudregowda, chini ya mchanga, na kiunoni kikopo chake cha tambuu kilikuwa bado kimefungwa. Nilikifungua juzi. Nilitaka kutafuna tambuu yake ya mwisho, niseme nimekula naye. Ndani hamkuwa na tambuu. Mlikuwa na barua yako ya tarehe 17 Agosti. Imelowana pembeni, lakini inasomeka. Hakujua kusoma, na aliitunza mahali pakavu kuliko vitu vyake vyote.

Unaniandikia kwamba sote wawili hatukujua. Mimi sikujua, Sannayya. Wewe ulijua.

Sikusamehi kwa haraka ili ulale vizuri. Na mimi sijisamehi pia, usidhani. Mkono ulioandika "ukirudi hapa na hiyo ndogo" ni huu huu unaoandika sasa. Bairayya aliushika, nikaupokonya. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisikia la mkuu, na aliyevunjika ni mtu mwingine ambaye hakukosea hata neno. Nilimdhihaki kwamba ni mtu wa kuziba na kuzibua. Laiti ningenyamaza siku moja nikamsikiliza! Moyo wangu unauma, mdogo wangu. Jioni najikuta nimempikia ugali, nimeubeba hadi pale palipokuwa na kibanda, ndipo nakumbuka.

Basi lako siwezi kulitukana. Asubuhi ile dereva alipiga honi akapakia wazee na wagonjwa wote akawapandisha juu barabarani. Hombamma ni mmoja wao. Kwa hiyo hata hasira yangu haina pa kusimama.

Mwezi Juni nilisema ukija na wizara ndogo nitakufungia mlango. Ulikuja na kubwa, nikaufunga. Nitakapoufungua nitakuandikia. Usinihimize.

Unauliza ujiuzulu. Usijiuzulu. Kaa hapo hapo kwenye kiti hicho, kikuchome. Na jiwe la jina silitaki. Kallukere usiiweke ya kwanza, umenisikia? Letu halina haraka tena, limeshakwisha. Jimbo hili lina mabwawa ya wazee yasiyohesabika, na juu ya kila tuta kuna mtu na blanketi lake, ambaye sasa hivi anakinga maji kwenye sufuria kuona kama yana udongo. Mtafute huyo. Anza na ambalo linavuja udongo leo. Yule ana mke.

Hili nalo nikwambie. Baraza la kijiji limekaa wiki iliyopita. Walikuwa wanauliza nani achukue fimbo ya mgawa maji aliyoiacha Bairayya, maana cheo hakikai wazi hata kama bwawa ni kavu. Wanaume walitazamana. Nikasema nitaichukua mimi. Wakasema mwanamke hajawahi kuwa mgawa maji. Nikasema na mtu wa mtaa wa chini hakuwahi kuwa waziri, mpaka wewe. Rudregowda alikuwa ananitazama, mzee huyo amezeeka mwezi huu mmoja. Akasema taratibu, "Kenchamma, wewe dada wa waziri, utaikubali kazi ndogo namna hiyo?"

Nimemwambia ndiyo, ni ndogo, naikubali.

Kila asubuhi napanda kwenye kipande cha tuta kilichobaki. Nakata majani, naziba mashimo ya panya kwa udongo na mawe, kama alivyokuwa akifanya. Maji ya kugawa hakuna.

Mimi,
Kenchamma, mgawa maji wa Kallukere